Eda ya Swabaha na Paka wa Marehemu

Zilibaki siku kumi na tisa. Swabaha alikuwa amezihesabu mara tatu asubuhi ile, na mara zote tatu zilikataa kupungua. Alihesabu kwa buni. Siku aliyoingia eda ya mumewe alitia katika bakuli buni moja kwa kila siku ya miezi minne na siku kumi, na kila alipomaliza sala ya alfajiri alitoa moja akaiweka katika kikombe kilichovunjika mkono. Wifi yake Mwanaesha, dada mkubwa wa marehemu, aliyekaa nyumba ya ng'ambo ya kichochoro, alihesabu kwa mwezi. Hesabu zao zilipishana kwa siku moja, na Mwanaesha alikuwa na hakika kwamba hiyo moja Swabaha ameiiba.

Siku kumi na tisa si nyingi kwa mtu aliyekwisha kukaa ndani zaidi ya siku mia. Lakini Swabaha hakuwa akizihesabu kwa ajili yake. Alizihesabu kwa ajili ya paka.

Kashata alikuwa amesimama mbele ya sahani. Swabaha alikuwa amemchambulia changu, akamtoa samaki huyo miba yote, akamponda kwa tui mpaka akawa uji. Paka alinusa, akafungua mdomo, akaufunga. Ute wenye wekundu ulidondoka sakafuni. Akaiacha sahani, akaenda dirishani, akarudi, akajikunja mkekani, akainuka kabla hajapata joto, akairudia sahani ile ile kama aliyesahau kwamba imemshinda. Wiki nzima hakutulia. Na kwa kuwa yeye hakutulia, Swabaha naye hakutulia. Alimfuata kutoka chumbani hadi roshani, kutoka roshani hadi kichwa cha ngazi, na hapo akasimama, maana chini kulikuwa na mlango, na mlango haukuwa wake mpaka buni ziishe.

Marehemu Taib alikuwa fundi saa. Duka lake la Ndia Kuu lilikuwa na upana wa mtu kunyoosha mikono, na kwa miaka kumi na saba nusu ya meza ilikuwa ya fundi na nusu ya paka. Alimwokota angali mdogo wa kutosha kulala ndani ya kofia, akiiba kashata kwenye sinia ya mwanamke wa jirani, na jina likapatikana papo hapo. Wateja wote walimjua, na wote walijua kwamba hashikwi. Alishikwa na Taib, na baada ya miaka miwili ya kubembelezwa akakubali kushikwa na Swabaha. Mungu hakuwajaalia mtoto, na watu wa mtaa, ambao maneno hayawaishi, walisema paka yule ndiye kitinda mimba wao. Swabaha alicheka pamoja nao. Hawakuwa wamekosea sana.

Taib aliugua mwaka ule wa mgomo mkubwa wa bandarini, wiki chache baada ya makuli kurudi kazini. Alilazwa hospitali, wodi ya wanaume, akakaa siku saba. Katika ukoo wa Taib mke haendi kukaa wodi ya wanaume. Hungoja nyumbani, apokee wanaokuja kumjulia hali mgonjwa. Aliyekwenda ni Mwanaesha, mtu mzima ambaye hakuna mwanamume angethubutu kumkatia neno, na kila jioni alirudi na jibu moja, kwamba mgonjwa anaendelea vyema. Siku ya nne Swabaha alivaa buibui lake, akakaa kitako kwenye kichwa cha ngazi, akingoja mtu amwambie enda. Hakuna aliyemwambia. Saa ya magharibi akalivua. Siku ya nane Taib alirudi nyumbani amefunikwa.

Kwa hiyo Swabaha alikuwa amejiapia jambo moja. Kashata hatakufa kati ya wageni. Eda ikiisha, atambeba mwenyewe mpaka kwa tabibu yeyote aliye chini ya jua. Kilichotakiwa ni paka asubiri, na paka ndiye hakupewa habari.

Asubuhi hiyo hiyo mtu akapiga hodi. Aliyefungua ni Mbodze, mtumishi wa makamo kutoka Kisauni aliyekuwa na miaka tisa katika nyumba ile, na ambaye tangu eda ianze ndiye aliyekuwa miguu ya Swabaha. Mlangoni alisimama Joab Ogutu, mtu wa bara, msaidizi wa daktari wa mifugo huko Shimanzi, ambako ng'ombe wanaoshushwa kwa reli hukaguliwa. Alikuja kuulizia saa yake ya mfukoni. Alimwachia marehemu kabla hajaugua, kisha akaona haya kuja kuidai msibani, na haya yenyewe ikamchukua miezi mitatu. Saa ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Ilikuwa ndani ya bahasha yenye jina lake kwa mkono wa Taib. Mbodze aliposhuka nayo, Kashata alishuka nyuma yake, kwa sababu siku hizo kazi yake ilikuwa kupanda na kushuka, na Joab, aliyemjua tangu enzi za mezani, akachuchumaa kumtazama.

Swabaha alisikia yote kutoka juu. Alisikia Mbodze akimfunga paka ndani ya kanga, akasikia mkoromo wa hasira, akasikia Joab akivuta pumzi kwa meno baada ya kuparurwa. Hakutukana. Kisha akanyanyua sauti kuelekea ngazini, bila kunyanyua macho.

"Mama, pole. Kuna nyama imeota chini ya ulimi, na imeshika taya. Haina dawa. Njaa anayo, ila hawezi kula, na hiyo njaa ndiyo itakayomuua. Haitakuwa haraka."

Swabaha akauliza ni siku ngapi. Joab akasema kumi, pengine kumi na mbili, maana paka ni wabishi, lakini za mwisho hawatapenda kuziona. Akaeleza kwamba kule stoo iko dawa ya kuvuta, ile wanayolazwa nayo watu kabla ya kupasuliwa. Paka akiivuta na kuachwa alale, haamki tena, wala hasikii chochote. Chupa yenyewe hairuhusiwi kutoka nje ya stoo, lakini wakimleta, siku yoyote ya kazi, yeye yupo. Swabaha alimshukuru, akasema atafikiri. Alipomaliza kumshukuru alikwenda kwenye bakuli. Kumi haifiki kumi na tisa hata uihesabu kwa buni au kwa mwezi.

Kesho yake alijaribu njia rahisi, akamtuma Mbodze na kikapu. Rahisi ni neno la watu wasiomjua Kashata. Walimtia ndani, wakafunga mfuniko kwa kamba ya mnazi, na Mbodze hakufika hata pembe ya kichochoro. Paka alilia kilio ambacho Swabaha hakupata kukisikia miaka kumi na saba, akapiga mfuniko kwa kichwa mpaka kamba ikalegea, akatoka na kurudi mbio. Alijipenyeza chini ya kitanda, kwenye kona alikokuwa akiweka viatu Taib, na mdomo wake ulikuwa unavuja damu. Hakutoka mpaka jioni. Mbodze alisema kwamba kazi zote za nyumba ataendelea kuzifanya, ila hiyo moja asitumwe tena.

Kilio kile kilivuka kichochoro, na nyuma yake akaja Mwanaesha. Alipanda ngazi akihema, akakaa, akataka kujua mambo ya kikapu ni mambo gani. Alipoambiwa, akaanza. Paka haendi kuuawa na mtu wa bara kama ng'ombe wa machinjioni. Kila kiumbe kina siku yake. Je, Swabaha amemsahau yule mwanamke wa zamani aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa, akaingia Motoni kwa sababu yake, ambaye kila mtoto wa chuo cha Qurani amesimuliwa habari zake? Swabaha akasema hakumsahau, na kwamba kama ni kumpeleka, angempeleka mwenyewe, amshike yeye, asishikwe na mgeni. Hapo ndipo wifi yake aliposimama.

"Utoke na eda? Ndia Kuu yote ikutazame, mjane wa Taib na kikapu cha paka? Eda ni haki ya mume, wifi. Haivunjwi kwa paka."

Swabaha alimjibu kwamba hakusema atatoka. Alisema laiti angeweza. Na alipolisema hilo alihisi nafuu, nafuu ambayo hakuipenda, lakini hakuichunguza. Wakakubaliana aitwe Maalim Muhdhar, aliyewasomesha Qurani nusu ya mtaa ule na kuwasalia maiti wa nusu nyingine, aje alikate neno.

Maalim alikuja siku ya pili baada ya adhuhuri. Aliketi upande wa pili wa pazia, akanywa kahawa, akasikiliza maelezo ya Mwanaesha, ambayo yalikuwa marefu, na ya Swabaha, ambayo yalikuwa mafupi. Kashata alipita katikati yao mara nne, akiingia chini ya pazia na kutoka. Mara ya nne Maalim alikatiza tasbihi yake akamtazama.

"Ama kutoka, Bi Swabaha, mwenye eda akitoka mchana kwa haja yake, akarudi kulala kwake, hana makosa. Tangu zamani hana makosa. Haya ya kufungiwa asikanyage hata kizingiti ni ada zetu, si sharia. Ama hilo la pili ndilo zito. Vitabu vyetu sisi havikulikubali. Mnyama asiyeliwa hauawi, hata kwa kumpumzisha. Wako wanavyuoni wa madhehebu nyingine walioruhusu, na hao pia si watu wa kudharauliwa. Mimi siwezi kukwambia fanya. Na baada ya kumwona huyu, siwezi kukwambia usifanye, kisha nikalala usingizi."

Akaomba dua, akaenda zake. Mwanaesha alimwona kama mtu aliyekunywa kahawa na kula haluwa ya watu bila kufanya kazi, akasema hivyo kabla kanzu yake haijapotea kichochoroni.

Swabaha hakumsikia. Kwa zaidi ya siku mia alidhani mlango ndio haramu, na dawa ya Joab ni suala dogo la huruma. Sasa mlango ulikuwa wazi, tena ulikuwa wazi siku zote, na lililobaki ni jambo lenyewe, ambalo hakuna mtu angemsaidia kulibeba. Ndipo alipoielewa ile nafuu. Alikuwa amejificha nyuma ya eda kama mtoto aliyejificha nyuma ya pazia huku miguu inaonekana. Madhali hawezi kutoka, hana la kuamua. Na kama hana la kuamua, paka akifa kwa njaa, yeye hakufanya kitu. Kama vile alivyokaa juu ya ngazi na buibui lake siku ya nne, hakufanya kitu.

Siku mbili zilizofuata nyumba ile haikuwa na pa kukaa. Swabaha alikunja nguo alizokwisha kuzikunja. Alichagua mchele uliokwisha kuchaguliwa. Alianza kusoma, akasimama katikati ya aya kwenda kumtazama paka, akarudi akasahau alipofika. Alimdondoshea maziwa kwa pamba, na tone la tatu lilipogusa ulimi Kashata alipiga ukelele na kumparura kwenye kifundo cha mkono. Kisha, baada ya kuona alilolifanya, akarudi akaegemeza kichwa pale pale penye damu. Swabaha alilia. Hakuwa amelia hivyo hata siku ya maziko, kwa maana siku ya maziko palikuwa na watu wa kuwapikia.

Jioni ya siku ya pili paka alishuka ngazi, na safari hii hakupanda tena. Alikaa mbele ya mlango uliofungwa, pua kwenye ufa. Mbodze alisema kwamba kwao paka mzee akiuomba mlango hufunguliwa, akaenda kichakani kufa anakojua mwenyewe. Swabaha alifikiri juu ya hilo. Lakini hapa hapakuwa na kichaka. Palikuwa na vichochoro, na mbwa wa sokoni, na watu wenye mawe. Akakaa kwenye ngazi ya mwisho, akimtazama mgongoni, mifupa imejipanga kama meno ya kitana, na yule mwanamke wa Motoni akamjia tena. Alimfungia paka, asimlishe wala asimwachie. Na hapa je? Mlango umefungwa, paka ana njaa, na komeo liko upande wa nani? Kwa mara ya kwanza Swabaha aliona kwamba hata akikaa kitako atakuwa ametenda.

Alfajiri alitoa buni akaitia kikombeni. Zilibaki kumi na nne. Alivaa buibui juu ya nguo zake nyeupe za eda, akateremsha kitambaa cha uso, akatandika kikapuni shati la Taib lililokuwa halijafuliwa, lile alilokuwa akilinusa kila siku na ambalo Mwanaesha alikwisha kuagiza mara tatu litolewe sadaka. Kashata alilinusa. Akaingia mwenyewe.

Jua lilipopanda vya kutosha kuitwa mchana, Swabaha aliondoa komeo. Nuru ile nyeupe ya barabarani ilimchoma macho. Hakuwa amekanyaga kizingiti kwa zaidi ya miezi mitatu. Na mbele ya kizingiti, kanga begani, alisimama Mwanaesha, ambaye hapana shaka alilisikia komeo lile kutoka ng'ambo kabla hata halijaguswa.

"Rudi juu, wifi," akasema kwa sauti ya chini. "Siku kumi na tano tu."

"Kumi na nne. Na Kashata hana kumi na nne."

"Afe kwa siku yake, basi. Usiibebe shingoni dhambi hii kwa sababu ya haraka."

Swabaha alikuwa ameandaa jibu juu ya maneno ya Maalim. Lililotoka ni swali alilolimeza tangu siku ya nane, swali aliloogopa kuliko Joab na chupa yake.

"Kule hospitali, Taib aliniulizia?"

Mwanaesha alitazama kichochoroni, huku na huku, kama anayetafuta mtu wa kumjibia. Mtu mwenyewe hakupita.

"Kila siku," akasema. "Kila nilipoingia. Mbona Swabaha hakuya? Nami n'kimwambia yuko ndiani, yuwaja sasa hivi. Siku saba n'likuwa n'kimwambia uko ndiani."

"Na siku ya mwisho?"

"Siku ya mwisho hakuuliza. Alikuwa akiutazama mlango tu."

Kwa pumzi moja Swabaha alimchukia wifi yake chuki ya kuweza kumsukuma. Pumzi ya pili ilimkuta amekaa tena juu ya ngazi, siku ya nne, na buibui mwilini, na hakuna komeo lililokuwa limefungwa siku ile, na hospitali haikuwa mbali. Mwanaesha alidanganya. Lakini mwenye miguu alikuwa yeye. Machozi yalimtoka nyuma ya kitambaa na hakuwa na mkono wa kuyafutia, kwa kuwa yote miwili ilikuwa imeshika kikapu.

"Nipishe, wifi," akasema.

Mwanaesha hakupisha mara moja. Aliinama, akainua mfuniko kidole kimoja, akachungulia. Harufu ya mdomo wa paka ilimpiga akarudisha uso, akautazama tena. Kisha alivuta kanga yake kichwani, akashika mkono mmoja wa kikapu, akauvua vidoleni mwa Swabaha bila kumuuliza.

"Watu wakisema, na waseme sote wawili," akasema.

Na watu walisema. Ndia Kuu ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na buibui halikuficha kitu, kwani mtaa mzima ulimjua paka aliyemo kikapuni na ulimjua Mwanaesha aliyekishika. Muuza vitambaa alisahau kujibu salamu. Mwanamke wa sinia, mtoto wa yule wa zamani, aliacha kufukuza nzi. Mwanaesha aliwasalimu wote kwa majina, moja moja, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, na akawauliza hali za wazee wao, na mtu anayeulizwa hali za wazazi wake huwa hana nafasi ya kuuliza. Swabaha alitembea akitazama vidole vyake vya miguu. Walipita Makadara, wakatoka kwenye majumba ya mawe, wakaingia barabara pana ya Shimanzi yenye maghala na malori na vumbi jekundu la magunia.

Lakini njiani lilitokea jambo ambalo Swabaha hakulitarajia. Kashata alitulia. Yeye aliyekuwa hakai tangu wiki jana alilala juu ya shati, akakunja mikono chini ya kifua, na walipokuwa wakipita maghala Swabaha alihisi kikapu kinatetema kidogo dhidi ya paja lake. Paka alikuwa anakoroma, ule mkoromo wa mezani, wa saa za mchana dukani. Swabaha alisimama kati ya barabara. Pengine ni nafuu. Pengine Joab amekosea, na yeye anakwenda kuua kiumbe aliyeanza kupona. Vitabu vyetu havikulikubali. Aligeuka nusu kurudi, na Mwanaesha alisimama na mkono wake wa kikapu, akangoja. Lori likawapigia honi. Wakasogea pembeni, wakaendelea.

Joab aliwapokea kwenye geti la zizi la ukaguzi. Ng'ombe walikuwa wanalia nyuma ya ua, kwa hiyo aliwaingiza stoo, akafunga dirisha, akatandika gunia safi juu ya meza. Hakuuliza kwa nini mjane ametoka. Swabaha akamwambia kwamba paka amepata nafuu, amekoroma njia nzima. Joab hakubisha. Alichukua kibakuli, akamimina maziwa ya chai yake mwenyewe, akakiweka mezani.

Kashata alitoka kikapuni. Alikwenda kwenye maziwa na mkia juu, haraka, kama paka mwenye njaa anavyokwenda. Alifungua mdomo. Ulimi ulitoka kidogo ukakwama. Alijaribu kwa upande. Alijaribu kwa upande mwingine. Ndevu zake zililowa, maziwa yakaingia wekundu, na hakuna tone lililoingia kooni. Kisha akainua uso akamtazama Swabaha, akingoja afanye kitu.

"Nikimpa, Mama, hakuna kurudi," Joab akasema. "Mimi sitaanza mpaka wewe useme."

Swabaha aliinua kitambaa cha uso wake, mbele ya mwanamume asiye maharimu, ili paka amwone. Akajua kwamba neno hili ataulizwa, na kwamba siku hiyo hatakuwapo Maalim wa kumjibia, wala wifi, wala eda. Atajibu mwenyewe.

"Mpe," akasema.

Joab alimwonyesha namna ya kumshika, kichwa kwenye kiwiko, shati limemzunguka. Akamimina dawa kwenye pamba, na harufu tamu ikajaa chumbani. Paka alikaza mwili mara moja, kucha zikashika nguo nyeupe. Swabaha hakuondoa mkono wake. Aliinamisha mdomo mpaka kwenye lile sikio lililotoboka kwenye ugomvi wa zamani.

"Nimekuya," akamwambia. "Usitazame mlango. Nimekuya, nipo."

Alilirudia neno hilo mara nyingi, polepole, na kucha zikaachia moja baada ya moja. Nyuma yake Mwanaesha alikuwa amegeukia ukuta, paji la uso kwenye mawe. Joab aliweka kidole ubavuni mwa paka, akasubiri, akaashiria kwa kichwa kwamba amekwisha kwenda. Swabaha hakunyanyuka. Aliendelea kumwambia amekuja.

"Wifi," Mwanaesha akasema kule ukutani. "Mwambie na mimi. Mwambie ni mimi n'liyekuchelewesha."

Swabaha akainama tena, akamwambia.